Mlima na Picha Zake: Kutoka Moshi Hadi Machame

Ni chache nyumba za Waislamu katika Afrika ya Mashariki zisizokuwa na picha ya Al-Kaaba ukutani. Hutundikwa sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, na watoto hukua wakiitazama kila siku hata kabla ya kujua kusoma. Wala hapana mtu aliyeridhika na picha ile peke yake. Mwenye nyumba huitazama, akasema, "Inshallah, Mungu akinijaalia, nitaiona kwa macho yangu." Basi hiyo ndiyo kazi ya picha njema: haimpi mtu kitu chenyewe, bali humtia shauku ya kukiendea.

Shauku ya namna hii walimwengu wanayo pia juu ya picha zilizochorwa kwa mikono ya wanadamu. Mjini Paris, katika jumba la Louvre, imo picha ya mwanamke ijulikanayo kwa jina la Mona Lisa, iliyochorwa na Mwitalia Leonardo da Vinci, ambaye aliianza karibu na mwaka 1503. Si picha kubwa. Urefu wake ni sentimita 77 na upana wake sentimita 53, yaani mtu mmoja aweza kuikwapua na kwenda nayo. Hata hivyo mamilioni ya watu huingia katika jumba lile kila mwaka, na wengi wao hupanga safu ndefu ili wasimame mbele yake kwa dakika moja au mbili tu. Mwezi wa Agosti 1911 picha hiyo iliibwa kweli, isionekane tena mpaka mwishoni mwa mwaka 1913. Ajabu yake ni kuwa, ilipokuwa haipo, watu waliendelea kuja Louvre, wakasimama kutazama mahali patupu ukutani ilipokuwa imetundikwa. Msomaji na aiweke moyoni habari hiyo ya ukuta mtupu, maana tutairudia.

Je, ipo picha mashuhuri ya nchi yetu ambayo nasi twaweza kuitamani hivyo? Ipo, nayo yakaa mbali zaidi kuliko Paris. Imo New York, Marekani, katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa. Aliyeichora ni Sam Joseph Ntiro, Mchagga aliyezaliwa Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1923. Ntiro alisoma Makerere, Uganda, katika skuli ya sanaa iliyoanzishwa na Bibi Margaret Trowell. Baadaye akaenda London kusoma katika skuli ya Slade, tangu mwaka 1952 hata 1955, kisha akarudi Makerere kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alitumwa London kuwa Balozi wa nchi yake, akakaa huko hata mwaka 1964. Alifariki dunia mwaka 1993.

Mwaka 1956 mwalimu huyo alichora kwa rangi za mafuta picha ambayo jina lake, kwa lugha yetu, ni "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku." Mwaka 1960 ikanunuliwa na jumba lile la New York. Picha za Ntiro nyingi ni za namna hiyo: watu wa kijiji wafanyao jambo pamoja, wakikata kuni, wakinywesha ng'ombe, wakilima, wakienda harusini. Mara nyingi watu wake ni wadogo, nyuso zao hazitambulikani, na migomba na miti imewazunguka kama kuta za nyumba. Hakukusudia kumsifu mtu mmoja, bali kuonyesha ujamaa wa watu na ardhi yao.

Hapa huenda msomaji akauliza: sisi Waislamu tuna haja gani na picha hiyo? Swali hilo ni la haki. Wanavyuoni wamelizungumza jambo la picha kwa urefu, na wengi wao wamekataza kuchora sura za vyenye roho. Ama miti, milima, maji na majengo, wengi hawakuona ubaya wa kuvichora. Kila nyumba na ishike kama ilivyofundishwa na masheikh wake. Tena kinachopelekwa harusini katika picha hii ni mbege, itengenezwayo kwa ndizi mbivu na ulezi, nayo kwetu ni haramu, wala hatuipambi. Lakini katika picha hiyo lipo jambo jingine la kutazamwa: watu wa ukoo mmoja wanatembea gizani ili kuunga udugu na ukoo mwingine. Mwislamu wa miteremko ile naye huposa na huozesha. Vitu achukuavyo ni vilivyo halali, lakini njia ipitayo chini ya migomba ni ile ile, na taadhima ni ile ile.

Ntiro hakuwa peke yake. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, naye alisoma Makerere. Akachora picha kubwa za ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, Kenya, akizitia mandhari ya nchi ile ile. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi. Mwaka 1997 moto uliiunguza nyumba hiyo, na kazi nyingi zikateketea. Basi tuone: picha moja ya miteremko imehifadhiwa ng'ambo ya bahari, na nyingine za watu wetu zimekuwa majivu.

Tufanyeje basi sisi tusio na nauli ya kwenda New York? Na hata mwenye nauli asijione ameshafika, kwani majumba makubwa ya makumbusho hayatundiki kila walicho nacho. Kazi nyingi hukaa ghalani, na mtu aweza kuvuka bahari asiikute ukutani ile aliyoifuata. Lakini kitu alichokitazama Ntiro hata akakichora, hicho hakikuchukuliwa na meli. Kiko pale pale, na nauli yake ni ya basi.

Anayetaka kukiona na aanze Moshi, tena alfajiri. Mji huu, uliofikiwa na reli ya kutoka Tanga mwaka 1911, umekaa chini kabisa ya mlima, na mgeni afikaye mchana aweza kukaa kutwa nzima asiuone, kwa sababu mawingu huupanda mapema. Lakini watu watokapo msikitini baada ya sala ya asubuhi, na mwanga ukianza kupambazuka, Kibo huonekana juu ya mapaa ya nyumba, mkubwa kuliko ulivyodhaniwa, na upande wa mashariki Mawenzi wenye meno meno. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto mara nyingi mno, hata Kibo akakasirika na kumpiga kwa mchi. Ndiyo maana sura yake imepasuka vile. Picha za kalenda hazisimulii hayo. Wala hazionyeshi rangi ya kilele wakati jua linapokigusa, ambayo hubadilika mara tatu au nne katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Kutoka Moshi twashika barabara ya Arusha hata njia panda ya Machame, na hapo twageuka kuupanda mlima. Uwanda wenye joto na vumbi twauacha nyuma, na kwa mwendo mfupi hewa inabadilika. Sasa tumeingia katika vihamba. Kihamba ni shamba na nyumba na urithi kwa pamoja. Juu kabisa imesimama miti mirefu kama mringaringa; chini yake migomba; chini ya migomba mikahawa; na chini ya mikahawa magimbi na mboga. Ng'ombe hafungwi malishoni, bali hukaa zizini akaletewa majani na vipande vya migomba, na samadi yake ikarudishwa shambani. Maji hupita katika mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee tangu karne zilizopita, ikiteremsha maji ya mito ya mlimani hadi kwenye migomba ya kila mtu kwa zamu. Mipaka ya vihamba imeoteshwa masale, mmea wenye majani marefu. Jani la sale si la mpaka tu: aliyekosana na mwenziwe humpelekea jani hilo kuomba msamaha, na ni aibu kubwa kulikataa.

Mwenye kutembea katika vijia hivyo hufahamu mara moja kwa nini Ntiro aliwachora watu wake wadogo na migomba mikubwa. Ndivyo ilivyo. Mtu hupita mbele yako akiwa na mzigo wa majani kichwani, na baada ya hatua kumi amemezwa na kijani. Sauti husikika kabla ya kumwona mwenyewe, na salamu hutangulia nyuso. Jambo ambalo katika picha lilionekana kuwa mtindo wa mchoraji, hapa ni kweli tupu.

Na juu ya vihamba upo msitu, na juu ya msitu upo ule weupe uliowashangaza walimwengu. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliongozwa kuja nchi hii na mtu wa pwani, kiongozi wa misafara, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei waliuona mlima kwa mbali, na Rebmann alipouliza ule weupe ni nini, kiongozi wake alimjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kuwa ni theluji. Mabingwa wa jiografia waliokuwa London, ambao hawakupata kuukanyaga mwambao wetu, walikataa kwa miaka mingi kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa na ramani na vitabu. Bwana Kheri alikuwa na macho.

Lakini sasa ndipo tunapourudia ule ukuta mtupu wa Louvre. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011, ilikuwa haizifikii hata kilomita mbili. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja: joto la dunia limezidi, na hewa ya kileleni imekuwa kavu, hata theluji mpya haitoshi kuziba pengo la ile inayopotea, na barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka mvuke papo hapo juani. Mlima wenyewe hautatoweka, na Kilele cha Uhuru kitabaki mita 5,895. Ila yamkini siku moja wajukuu wetu watapanda na kutazama mahali weupe ulipokuwa, kama watu wa Paris walivyoutazama ukuta. Tofauti ni kwamba picha ile ilipatikana ikarudishwa.

Twajua kwamba kijana wa Moshi hawezi kuizuia barafu kwa mikono yake. Lakini asikate tamaa, kwa kuwa maji ya mito na mifongo, kwa sehemu kubwa mno, hayatoki katika barafu bali katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na katika ulinzi wake kila mkaazi ana fungu: kutokata, kutochoma, na kupanda miti kihambani mwake. Nacho kihamba kina hatari zake. Kila kizazi kinakigawa, vipande vinazidi kuwa vidogo, mikahawa mizee inang'olewa, na vijana wanakwenda mijini wakiwaachia wazee mifongo ambayo hawana nguvu za kuizibua.

Kwa hiyo twawausia wazazi wenye watoto waliokaa Moshi, Arusha, Tanga au Dar es Salaam: likizo moja wapandisheni watoto wenu Machame, Marangu au Kibosho. Chagueni miezi ya kiangazi, msifike wakati wa masika ambapo mlima hujificha siku nzima. Waamsheni kabla ya jua. Waulizeni wazee majina ya miti, ya mifongo na ya waliochimba mifongo hiyo, kisha watoto waandike majibu katika daftari. Anayependa kuchora na achore mlima, migomba na maji, si kwa kunakili kadi ya dukani bali kwa kutazama. Atagundua kwamba jani la mgomba alilodhani analijua hajapata kulitazama.

Na kijana atakayejaaliwa siku moja kufika New York, na aingie katika jumba lile aulizie picha ya mtu wa Machame. Akiikuta, aisimamie kwa adabu, na awaeleze walio karibu naye njia ile inaelekea wapi na migomba ile inanyweshwa na maji gani. Picha ile ina walinzi, ina kufuli, na ina watu wanaolipwa mshahara ili isipate unyevu wala vumbi. Miteremko iliyoizaa haina mlinzi ila sisi. Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona, na mikono yenye kutunza amana zake. Amin.