Matembezi Yetu Katika Stesheni ya Likasi

Wengi huijua Likasi kwa shaba yake tu. Msafiri atokaye Lubumbashi hushika barabara kuu mwendo wa kilometa 120 hivi, hununua chakula mjini, kisha huendelea na safari yake ya Kolwezi. Sisi twamshauri ashuke, aende kwanza stesheni. Mji huu ni mtoto wa reli, na mtoto hujulikana kwa mzazi wake.

Asubuhi moja tulikwenda huko pamoja na wanafunzi wetu. Tulimkuta mzee mmoja, mfanyakazi wa reli wa zamani, ameketi kivulini. Vijana wakamwamkia kwa adabu, naye akafurahi, akawaita karibu na njia ya treni.

“Pimeni, wanangu,” akasema. “Toka chuma hiki hata kile ni milimeta 1,067. Ndio upana wa reli za Zambia na Afrika ya Kusini. Mwaona basi reli yetu ilitokea upande gani.”

Naam, ilitokea kusini. Mwaka 1910 ilifika Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville. Mwaka 1913 ikafika Kambove. Na mwaka 1918 ikafika Bukama, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1931 njia nyingine ilikamilika, ya kutoka Tenke kwenda bandari ya Lobito, katika Angola. Mwaka huo huo mji wetu ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyejenga reli Misri na China kabla ya kushughulika na mambo ya Katanga. Baada ya uhuru jina la Likasi likarudi.

Lakini shaba haikuanza na Jadot. Karne nyingi kabla yake mababu wa nchi hii waliiyeyusha katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Mhashamu de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926, akawaita “wala shaba”, kama walivyoitwa na watu.

Mwanafunzi mmoja aliuliza juu ya waya zilizotundikwa juu ya reli. Mzee akajibu kwamba mwaka 1952 njia ya kutoka hapa mpaka Tenke iliwekewa umeme, wakati treni nyingi za Ulaya zilikuwa bado zikila makaa. Umeme huo ulitoka wapi? Hapo ndipo tulipowaeleza vijana juu ya Mwadingusha, kaskazini-mashariki ya mji. Huko mto Lufira huanguka zaidi ya meta 100, na tangu mwaka 1930 nguvu za maji hayo zimekuwa zikizungusha mitambo. Mto ulipozuiliwa, maji yakaenea yakawa ziwa la Tshangalele, ambalo wavuvi huvua samaki humo. Mwenye kupenda uzuri wa uumbaji asikose kufika huko.

Upande wa magharibi, karibu kilometa 20, kuna Shinkolobwe. Huko hatukuenda, wala hatumshauri mtu aende, maana pamepigwa marufuku. Madini yake yalitambuliwa mwaka 1915. Kwanza yalitoa radi ya kutibu wagonjwa wa kansa. Baadaye yalitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Udongo ni ule ule: mwanadamu aliutumia kuponya, akautumia na kuua.

Mji wenyewe nao umeonja vita. Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa Ireland, wapata 155, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walishambuliwa asubuhi wakati wengi wao wakisikiliza Misa. Walijitetea siku 5 mpaka risasi na maji yakawaishia, wakatekwa. Hakuna aliyekufa kwao, lakini upande wa pili wengi walipoteza maisha.

Baada ya masimulizi hayo kijana mmoja aliuliza, “Mzee, treni ya abiria itakuja lini?”

Mzee akanyamaza kidogo. “Zamani tulijua saa kwa kusikia treni,” akasema. “Siku hizi shaba hupita barabarani kwa malori, na treni ya abiria ni ya kungojewa.”

“Mjomba wangu hangoji,” kijana akasema. “Hupanda juu ya mabehewa ya mizigo.”

Ndipo mzee akainuka. Akawaambia habari ya mwezi Machi 2022, treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea Tenke ilipoanguka huko Buyofwe, mkoa wa Lualaba. Ilikuwa imedandiwa na mamia ya watu, nao zaidi ya 60 wakafa. “Mwambie mjomba wako,” akasema, “nimevaa sare ya reli tangu ujana wangu, na sijapata kuona behewa la mizigo likimhurumia mtu.”

Kijana hakujibu. Njiani kurudi alituomba kipande cha karatasi, akaandika: Buyofwe, 2022. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Nanyi, wazazi mliofanya kazi ya reli, wapelekeni watoto wenu stesheni, mkawasimulie mliyoyaona.