Kikombe na Ndugu Zake

Yako maneno yanayosikika mara kwa mara midomoni mwa vijana wetu wa sekondari, kwamba Kiswahili ni lugha ya kuazima tu. Ushahidi wao huuokota mezani. Meza yenyewe, husema, ni ya Wareno. Sahani na birika ni za Waarabu. Gilasi ni ya Waingereza. Sisi wenyeji wa Kifanya, huku Njombe, tuliokua tukisema Kibena nyumbani na Kiswahili shuleni, maneno hayo hutugusa mara mbili. Kijana wa kwetu akishaamini kwamba Kiswahili ni mali ya wageni, naye amekwisha kufundishwa kwamba Kibena ni cha wazee wa vijijini, basi amebaki bila lugha ya kuiita yake.

Hebu tuanze na kile kitu ambacho vijana hao hukisahau kukitaja, ingawa ndicho kilicho karibu zaidi na midomo yao. Kikombe hakikuletwa na jahazi wala meli. Katika Kiswahili tuna kitenzi kukomba, yaani kukwangua chombo mpaka kisibaki kitu, na pia kuchimba mti ndani uwe mtupu. Tuna ukombe, chombo cha fundi cha kuchimbia mzinga au kinu. Tuna kombe, sahani kubwa yenye kina, na kombe za pwani, ambayo ni magamba ya wanyama wa baharini. Hata mfupa mpana wa begani huitwa kombe la mkono. Ni vigumu mtu kuyapanga maneno haya pamoja asiuone udugu wao: yote yanataja kitu kilichokombwa au chenye umbo la kukombwa. Kikombe ni kombe dogo, basi.

Udugu huo hauishii pwani. Washona wa Zimbabwe huita mukombe kile kibuyu cha kuchotea na kunywea maji. Wabemba wa Zambia nao huita inkombo kata yao ya kibuyu. (Kata tunayoisema hapa ni ile ya kuchotea maji, si kata ya diwani, wala si ile ya kutulizia mtungi kichwani. Mwalimu anayefundisha maneno yenye maana nyingi hana haja ya kwenda mbali.) Wakikuyu wana gĩkombe na Wanyarwanda wana igikombe, lakini hapo yafaa tuwe waangalifu, kwa sababu huenda neno lilisafiri pamoja na chai na vikombe vya dukani. Mukombe na inkombo zina uzito zaidi katika hoja yetu. Hizo ni za kibuyu, na kibuyu hakikungoja duka.

Mambo kama haya hayakutupata sisi peke yetu. Katika Ulaya ya mashariki wako Waslavi, watu wa lugha nyingi zilizotoka shina moja kama zilivyotoka zetu za Kibantu. Waserbia huita gilasi ya kunywea čaša. Warusi wana neno hilohilo, nalo kwao ni bakuli au kikombe cha ibada. Wacheki wana číše, kikombe cha heshima cha kunywea mvinyo. Wapoland wana czasza, kitu cha mviringo chenye uvungu, na neno hilo likitiwa alama ya udogo, kama sisi tunavyotia ki-, huwa czaszka, yaani fuvu la kichwa. Kwao fuvu, kwetu mfupa wa bega! Chombo kilibadilika kutoka nchi hadi nchi, cha mti, cha udongo, cha kioo, lakini neno lilishika uvungu likauacha uzi wa mali iliyotengenezea.

Hapo ndipo tunapowaelewa vizuri wale wageni wa mezani. Bilauri ni neno la Waajemi na Waarabu, na asili yake ni jiwe angavu. Lilikuja kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa cha mali ngeni. Gilasi vilevile ni kioo cha Waingereza. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, walituachia kopo. Kwao copo ni gilasi ya kunywea. Kwetu likawa chombo cha bati. Kwa wasemao Kilingala katika Kongo likabaki kuwa cha kunywea. Kila mgeni alipewa kazi yake, na hakuna aliyemfukuza kikombe. Kikombe cha bati kilipokuja kiliitwa kikombe, cha udongo kikombe, na cha plastiki kikombe.

Tena neno hili lina nguvu isiyopatikana katika bilauri. Waislamu wa pwani tangu zamani huandika aya kwa zafarani juu ya sahani, wakaziosha kwa maji na kumnywesha mgonjwa. Huko huitwa kunywa kombe. Na mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, nchi nzima haikuhitaji kutaja dawa. Ilisema tu: kikombe cha Babu.

Turudi kwetu. Kibena hujiita Hibena, na Wabena hujiita Vabena. Mwanafunzi anayeona kwamba ki- ya Kiswahili hulingana na hi- ya Kibena, na wa- hulingana na va-, ameshaanza kazi ya mtaalamu wa lugha, ile aliyoifanya Meinhof katika kitabu chake cha mwaka 1899. Lakini atalinganisha nini? Mbeta, pingili ya mwanzi ya kukingia ulanzi, bado inajulikana kwa jina. Vibuyu vya kuchotea, vya kunywea wageni na vya kuwekea maziwa vilikuwa na majina yake, kila kimoja kwa umbo na kazi, na majina hayo yanaondoka upesi kuliko vibuyu vyenyewe, kwa kuwa jagi la plastiki halina haja nayo. Kwa wanafunzi wa Kifanya hiyo ni kazi ya likizo moja: daftari, kalamu, na bibi aliye tayari kuvitaja kimoja kimoja huku akionyesha kwa mikono ukubwa wake.