Sakafu Inayoteremka: Masalia ya Jumba la Sinema na Usomaji wa Kasoro

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumelizoea mno neno 'gofu'. Linapotajwa, fikira zetu huenda moja kwa moja Pate, Gede au Takwa, kwenye kuta zilizobomoka, mibuyu iliyoota palipokuwa na nyumba, na kimya kilichotanda. Katika insha hii nakusudia kuzungumzia gofu la aina nyingine, ambalo halijabomoka wala halina kimya: jumba la sinema la zamani lililogeuzwa kuwa duka. Nitajaribu kuonyesha kwamba masalia ya jumba kama hilo yana jambo la kutufunza kuhusu kazi yetu wenyewe, hasa kuhusu wepesi wetu wa kukiita kasoro kitu ambacho hatujui kilikuwa na kazi gani.

Jumba lenyewe liko Mombasa. Mji huo ulikuwa na majumba kadhaa ya sinema, na wakazi wa makamo bado wanayakumbuka majina kama Regal, Majestic na Naaz. Hili ninalolizungumzia sitalitaja, kwa kuwa duka ni mali ya watu, nao hawakuomba kufanywa mfano katika jarida la wahakiki. Yatosha kusema kwamba leo panauzwa vyombo vya plastiki, mashuka, mapazia na vitu vya kuchezea watoto. Mteja anayeingia kwa mara ya kwanza hataona chochote cha kumkumbusha sinema. Viti viling'olewa, pazia jeupe halipo, na ukuta wa mbele umefunikwa kwa rafu hadi karibu na dari.

Hata hivyo, atakayetazama kwa makini ataanza kuyaona masalia. La kwanza ni kwamba ukumbi hauna madirisha, hivyo taa za duka huwaka mchana kutwa, hata jua la Mombasa liwapo utosini. La pili ni kitundu cha ukutani karibu na mlango, chenye upinde juu na kibao cha mbao chini, ambacho sasa ni mahali pa kutoa na kuweka fedha za M-Pesa. Hapo ndipo palipokatwa tiketi. Ni vigumu kupata salio lililobadilika kidogo kuliko hilo: pesa zingali zinapita katika kitundu kile kile, kutoka mkono wa nje hadi mkono wa ndani. La tatu liko juu, kwenye ukuta wa nyuma, ambako vidirisha viwili vidogo vya mraba vimepakwa rangi ya ukuta. Vilikuwa vya chumba cha projekta. Filamu za kale za naitreti zilishika moto upesi sana, na kwa sababu hiyo ilikuwa desturi kukijenga chumba cha projekta kama sanduku la kuzuia moto, chenye matundu madogo tu ya kupitishia mwanga. Desturi hiyo ya ujenzi iliendelea hata baada ya filamu zenyewe kubadilika.

Salio la nne ndilo lililonifanya niandike. Sakafu ya duka inateremka. Huteremka polepole kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele, na vigae vipya vilivyotandazwa juu yake havikuuondoa mteremko huo. Kwa sababu hiyo kila rafu imewekewa kabari za mbao chini ya miguu ya upande wa mbele, ili vyombo visiporomoke. Mpira wa mtoto ukianguka kutoka rafuni hubingirika wenyewe hadi mwisho wa ukumbi, ukasimama chini ya ukuta uliokuwa na pazia jeupe.

Siku moja niliingia humo na mama yangu, ambaye umri umempunguzia nguvu za magoti. Tulikuwa tumekwenda kununua mapazia. Hatua chache tu kutoka mlangoni alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nizuie. Hapa pashuka." Kijana muuzaji alikuja mbio kutuomba radhi. "Pole, nyanya. Fundi wa zamani aliiharibu hii sakafu. Haikupigwa sawa." Mama alimtazama kwa upole, akamjibu, "Haikuharibiwa, mjukuu wangu. Ilifanywa hivi makusudi, ili aliyekaa nyuma asizibwe na kichwa cha aliyekaa mbele." Kijana alitabasamu kwa adabu, nikaona wazi kwamba hakuyasadiki. Mama naye hakubishana. Alitembea pole pole hadi kati ya rafu za ndoo na rafu za mashuka, akanieleza kwamba hapo ndipo alipokuwa akiketi na mashoga zake katika maonyesho ya wanawake pekee, walipoweza kuvua buibui, kunyonyesha watoto na kulia bila ya kuona haya. Aliitazama *Mother India*, filamu ya mwaka 1957, mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Hakujua Kihindi. "Tukilia pamoja," alisema, "hata mwenye kujua Kihindi alikuwa halii kutushinda."

Nimeyatafakari maneno ya kijana yule kuliko hata maneno ya mama. Kijana hakuwa mpumbavu. Kwa haki zote, sakafu ya duka yapasa kuwa sawa, na sakafu inayoteremka ni kasoro inayogharimu kabari, vyombo vilivyovunjika na malalamiko ya wateja wazee. Aliisoma sakafu kwa kanuni za duka, na kwa kanuni hizo alisema kweli. Alilolikosa ni habari moja tu, kwamba mahali hapo paliwahi kuwa na kanuni nyingine, na kwamba chini ya kanuni hizo mteremko ulikuwa ndio ufundi wenyewe.

Kabla ya kuendelea, sina budi kujihadhari na masikitiko ya bure. Majumba ya sinema hayakuwa pepo iliyopotea. Katika enzi ya ukoloni watazamaji wa Kenya walitengwa kwa rangi, na filamu walizoruhusiwa Waafrika zilichujwa kwa hofu ya kisiasa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962 na kuendelea kutumika katika nchi huru. Kisha zikaja televisheni, kanda za video, na baadaye sahani za bei nafuu zilizorudufiwa kinyume cha sheria, huku thamani ya viwanja katikati ya miji ikipanda. Mwenye jumba la viti mamia yaliyokaliwa na watu kumi hakuwa na sababu ya kutolifanya duka. Wala duka si adui wa watu. Mama yangu alipata mapazia mazuri kwa bei aliyoimudu. Ninachouliza hapa kinahusu namna ya kusoma kilichobaki.

Fasihi yetu ina mwalimu mkubwa wa kusoma magofu, naye ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa *Al-Inkishafi*. Anaposimama mbele ya majumba ya Pate, anavionyesha vidaka vilivyowahi kubeba vyombo vya thamani vikiwa vimekuwa viota vya ndege, na kumbi zilizojaa wageni zikiwa zimeachiwa popo na wadudu. Mantiki ya utenzi huo inategemea utupu. Kwa kuwa nyumba imehamwa, moyo wa mshairi unaweza kuambiwa: tazama, ujifunze. Laiti Pate ingefurika wanunuzi siku hiyo, mawaidha yale yangekosa mahali pa kusimama. Hapa ndipo jumba letu la Mombasa linapotutatiza. Halikuhamwa. Limejaa watu, mwanga na bidhaa, nao ujazo huo ndio unaoyaficha masalia kuliko vumbi lolote. Tunahitaji usomaji mwingine kwa gofu ambalo bado lina wenyeji.

Wenzangu kadhaa niliowasimulia haya walisema dawa ni kuhifadhi, wakanitajia mfano wa Buenos Aires, nchini Argentina. Huko kuna jumba lililofunguliwa mwaka 1919 kama ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, likaanza kuonyesha sinema za sauti mwaka 1929, na tangu mwaka 2000 ni duka la vitabu liitwalo El Ateneo Grand Splendid. Wenye duka waliviacha vibaraza vya watazamaji, pazia jekundu, nakshi za kuta, na mchoro wa dari uliofanywa na Nazareno Orlandi. Jukwaa limekuwa mkahawa. Wageni humiminika kulitazama, na sina shaka kwamba ni jambo jema. Ningependa kuona hata jumba moja la kwetu likitendewa hivyo. Lakini ukilinganisha majumba haya mawili utagundua jambo la ajabu. Kule masalia yanaonekana na kila mtu, ila mengi yameachishwa kazi: pazia halifungwi kumaliza mchezo, wala jukwaa halipandwi na mchezaji. Mombasa hayaonekani na yeyote, ila yangali kazini: kitundu kinapokea fedha, kuta zinazuia jua, sakafu inauvuta mpira uende mbele. Salio laweza kuheshimiwa kama pambo na bado lisieleweke; laweza pia kutukanwa kama kasoro huku likiendelea kuitenda kazi yake ya asili.

Nadhani wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumekuwa mara nyingi katika nafasi ya kijana muuzaji, na mara nyingine katika nafasi ya wageni wa Buenos Aires. Chukua utenzi wa kale. Aghalabu mtunzi huanza kwa kumsifu Mungu, akaagiza wino na karatasi, na mwishoni akajitaja jina au kueleza idadi ya beti zake. Mwanafunzi anayeusoma utenzi huo katika kitabu kilichopigwa chapa huona kwamba sehemu hizo ni za ziada, na katika mitihani nimesoma majibu yanayoziita 'urefushaji usio na maana'. Kwa kanuni za ukurasa, anasema kweli. Lakini utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukapita kwa mwandishi hadi mwandishi, ukasomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji. Hesabu ya beti ilimwezesha mnakili kujua kama kuna ubeti uliodondoka. Kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti, toka mwanzo hadi tamati, kilimwambia msikilizaji kwamba ubeti umefungwa. Kimsingi, hiyo ni sakafu inayoteremka: imepigwa hivyo ili aliyekaa nyuma asikie.

Ndivyo ilivyo pia kwa Shaaban Robert. Imesemwa mara nyingi kwamba wahusika wake ni bapa, na kwamba majina yao huwamaliza kabla hawajatenda lolote. Katika *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952, Adili ni mwadilifu, nao nduguze Hasidi na Mwivu ni kama walivyoitwa. Akipimwa kwa kanuni za riwaya ya kihalisia, mwandishi ana kasoro. Lakini kabla ya kuandika neno hilo yafaa tuulize jina la mhusika lilifanya kazi gani katika ngano na hekaya, ambamo msikilizaji hakuwa na ukurasa wa kurudia na alihitaji kujua upesi nani ni nani, ili akili yake iwe huru kuwaza juu ya matendo. Huenda baada ya kuuliza tukasema bado kwamba jina kama hilo halikufaulu katika kitabu. Hukumu hiyo itakuwa halali. Isiyo halali ni hukumu inayotolewa na mtu asiyejua kwamba palikuwa na ukumbi.

Masalia ya sinema yenyewe hayako majumbani tu. Jijini Nairobi watu husema wanakutana karibu na mzunguko wa Globe Cinema, au wanashukia Bellevue katika barabara ya Mombasa, bila ya kuwa na filamu yoyote akilini. Jina la sinema limebaki kuwa kituo cha safari. Huko pwani, muziki nao uliweka akiba. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata umaarufu kwa kuimba taarabu yenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na baadhi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita*. Msikilizaji wa leo anayelalamika kwamba mahadhi hayo 'si ya Kiswahili' hana budi kuelezwa walikotoka watu waliokuwa wakiyaimba njiani usiku wakirejea nyumbani. Walitoka katika ukumbi wa giza, ambako mamia ya watu wasiojuana walikuwa wamejifunza wimbo mmoja kwa lugha wasiyoijua.

Wazo hilo la watu wasiojuana kukusanyika ndilo ninaloona limepungua zaidi. Duka huwaingiza watu wengi, lakini kila mmoja na haja yake, na kila mmoja hutoka kwa wakati wake. Fasihi yetu ya kale ilitungwa kwa ajili ya mkusanyiko, nasi tunaifundisha kwa ajili ya msomaji wa pekee aliyeinamia kitabu. Hatuna namna ya kuirudisha sakafu kwenye kazi yake ya mwanzo, wala sidhani tunapaswa. Tunachoweza ni kuwazoesha wanafunzi wetu wa uzamili, kila wanapokutana na kitu kilichopinda katika kazi ya kale, kuchelewa kidogo kabla ya kukata shauri. Waulize kilipindwa na nani, kwa faida ya nani, na aliyekuwa ameketi nyuma aliona nini. Wengi wa watu wanaoweza kujibu maswali hayo kwa kinywa chao wenyewe ni wazee sasa. Wanaingia madukani kama wateja wengine, nasi hatuna miaka mingi ya kuwauliza.