Nafasi Kati ya Noti na Noti



Neno letu leo liko Mwanzo 32:13-21. Lisome kwanza, kisha urudi hapa. Kabla hatujafika kwa Yakobo nitakupitisha kwenye karatasi ya kwaya, kwa hiyo univumilie kidogo.

Mnaoimba kwaya huku Kericho na Bomet mnajua kwamba wengi wa wazee wetu walijifunza kwa solfa: do, re, mi. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, aliyeendeleza kazi ya mwalimu mmoja aitwaye Sarah Glover. Kwenye solfa mapigo hutengwa kwa nukta mbili, na ikichapwa vizuri kila pigo lina upana uleule. Jicho linapima muda kama unavyopima shamba kwa hatua.

Siku hizi vijana wetu wanaandika nyimbo kwa kompyuta, kwenye mistari mitano, na programu kama MuseScore inapatikana bure. Huko upana hauendi sawa na muda. Noti ya mapigo mawili haipewi nafasi mara mbili ya noti ya pigo moja. Kwa kawaida hupewa kama mara moja na nusu hivi, na inatosha jicho kujua kwamba hii ni ndefu kuliko ile.

Shida huanza maneno yakiingia. Chukua neno "shangilieni". Lina silabi tano: sha, ngi, li, e, ni. "Sha" na "ngi" ni pana, "e" ni nyembamba. Programu haitaki silabi zigongane, kwa hiyo inazisukuma noti zilizo juu yake. Mara unakuta noti ya nusu pigo yenye "ngi" imekaa kwenye nafasi kubwa kuliko noti ya pigo zima yenye "e". Muda haujabadilika hata chembe, lakini mwimbaji anayesoma kwa jicho ataivuta ile fupi na kuikata ile ndefu. Kisha mwalimu atawaambia hawana sikio. Wapendwa, sikio wanalo. Karatasi ndiyo imesongamana.

Kijana akiona hivyo, hukamata noti moja na kuiburuta kwa mausi. Usifanye hivyo. Ukisogeza noti ya alto peke yake, itaacha kusimama wima pamoja na ya soprano na ya besi wanaoimba pigo lilelile, na alto wataonekana wamechelewa. Chagua kipimo chote, nenda kwenye menyu ya Format, kisha Stretch, uongeze upana. Sauti zote nne zitasogea pamoja. Kama mstari umejaa, chagua kipimo unachotaka kiwe cha mwisho, bonyeza Enter, na vinavyofuata vitashuka chini. Ndiyo, kurasa zitaongezeka. Lakini wimbo utasomeka.

Sasa twende kwa Yakobo.

Alikuwa amekaa kwa Labani miaka 20. Anarudi nyumbani, na ndugu yake Esau, aliyemwacha na hasira ya kuua, anakuja kumlaki na watu 400. Yakobo anaandaa zawadi. Hesabu mwenyewe: mbuzi 220, kondoo 220, ng'ombe 40 na mafahali 10, ngamia 30 pamoja na ndama wao, punda 30. Ni wanyama 550, ukiacha hao ndama.

Wewe unayefuga, hebu fikiria wanyama hao wote wakija kwa mkupuo mmoja. Ni vumbi na kelele. Mtu mwenye kinyongo cha miaka 20 akiona vumbi lile anaweza kudhani ni vita. Zawadi ile ile, iliyotoka kwenye moyo ule ule, ingesomwa vibaya.

Ndiyo maana Yakobo aliwagawa wanyama makundi makundi, akawaagiza watumishi waache nafasi kati ya kundi moja na jingine. Kila mtumishi akapewa ujumbe wake. Esau akutane na kundi la kwanza, asikie neno, atembee kidogo akilitafakari, ndipo akutane na la pili. Hakuna mnyama hata mmoja aliyeongezwa. Kilichoongezwa ni nafasi, ili nia ya Yakobo isomeke.

Soma na sura ya 33. Esau alikimbia, akamkumbatia. Halafu alipoulizia makundi yale, alisema yeye anavyo vya kutosha. Hakuhitaji mbuzi. Ila ujumbe ulikuwa umemfikia.

Baba, nizungumze na wewe. Bonasi ya chai ikiingia, kuna nyumba hapa kwetu ambazo hupata kila kitu siku moja. Karo imelipwa, mabati yamenunuliwa, mama amepewa pesa mkononi. Lakini katika pumzi ileile umekumbusha ugomvi wa mwezi wa pili, umedai risiti, umemkemea kijana mbele ya wageni. Jioni umetoa yote uliyo nayo na hakuna aliyeuona upendo wako. Mama mmoja aliniambia hakujua kama siku ile alipewa au alitukanwa. Toa zawadi, kisha unyamaze. Kama kuna la kusahihisha, lipe siku yake.

Mama, kijana wako aliye Nairobi ukimpigia simu, salamu, lawama na ombi la pesa huja pamoja. Mpigie siku moja umsalimie tu, ukate.

Ukiomba msamaha, sema "nisamehe" na uishie hapo. Usiunganishe na "lakini hata wewe". Neno lile linahitaji nafasi yake.

Na usibadilike kwa mtu mmoja tu, ukawa mpole kwa kifungua mimba na mkali kwa wengine. Hiyo ni kuburuta noti moja. Panua kipimo chote, nyumba nzima isogee pamoja.

Najua kuna mtu anasoma hapa ambaye hajaongea na ndugu yake tangu shamba la mzee ligawanywe. Mnachuma chai pande mbili za mpaka mmoja, na hakuna salamu. Usiende kesho na mambo yote: mpaka, deni, maneno yaliyosemwa matangani. Tuma kundi la kwanza wiki hii. Salamu tu, au maziwa ya mursik kwa watoto wake. Kisha acha nafasi, na uombe, kama Yakobo alivyoomba kabla ya kutuma. Moyo wa Esau uko mikononi mwa Mungu.

Tuombe: Baba, tufundishe kutoa upendo wetu kwa namna inayosomeka. Tangulia mbele ya kila anayetuma salamu wiki hii, ulainishe moyo wa ndugu yake. Katika jina la Yesu, amina.

Andika jina la kwanza la unayetaka kupatana naye, au andika tu "ndugu yangu", nasi tutaliombea kwenye mkesha wa Ijumaa.