SPIKA ZA BABA, SEHEMU YA 5: Nilidhani ni twita

Nimetoka kuingia usiku mara mbili mfululizo, nimelala mpaka saa nane mchana, nimekunywa chai, sasa nipo kamili. Tuliishia fundi wa Mbuyuni amezifungua zile spika na kuniambia, "Dada nesi, hizi boksi ni nzuri kuliko za siku hizi, ila ndani humo pamechoka."

Kwa aliyeingia leo: baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, anaishi Kibosho, huko juu ambako usiku ukitazama chini unaona taa za Moshi yote. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983, na mwaka 1985 baba akapanda basi mpaka Nairobi, akarudi na spika mbili kubwa kama makabati ya vyombo. Sisi watoto tulizaliwa tukazikuta. Mbaraka Mwinshehe alishafariki tangu 1979, lakini mimi nimekua nikidhani anaishi kwetu, pale kona ya sebule. Sasa miaka ya karibuni mzee akaanza kulalamika. "Zimefunikwa blanketi hizi." Kila Krismasi tukirudi nyumbani, wimbo ndio huo: blanketi, blanketi. Mimi na kaka yangu tukasema mwaka huu tunalitoa hilo blanketi.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndiyo sehemu mliyoiulizia sana. Krosova ni nini?

Boksi la spika lina spika zaidi ya moja. Kubwa ni ya besi na sauti za kati, ndogo ni twita, ya zile sauti za juu kabisa: matoazi, "sss" ya mwimbaji, kucha zikigusa nyuzi za gitaa. Twita ukiipelekea besi inaungua. Ile kubwa nayo ukiidai sauti za juu haiziwezi, ni nzito. Kwa hiyo lazima pawepo wa kugawa, na huyo ndiye krosova. Kwenye spika nyingi za nyumbani anakaa ndani ya boksi, baada ya amplifaya: koili za waya wa shaba, kapasita, na rezista. Amplifaya moja inabeba muziki wote kwa pamoja, halafu huko ndani ndiyo unagawanywa, na nguvu nyingine inaishia kuwa joto tu kwenye rezista.

Krosova aktivu anagawa kabla ya amplifaya, wakati sauti bado ni umeme mdogo sana. Kisha sauti za juu zinakwenda kwenye amplifaya yake na za chini kwenye yake, na kila amplifaya inashika spika yake moja kwa moja bila koili katikati. Sisi wa hospitali tunaelewa haraka: mapokezi wakigawa wagonjwa mlangoni, huyu chumba namba tatu, huyu meno, huyu kliniki ya mama, siku inakwenda. Wakiingizwa wote kwa daktari mmoja ndipo waanze kugawanywa mle ndani, mnajua wenyewe inavyokuwa.

Hesabu ya kugawa tuliyotumia inaitwa Linkwitz-Riley, kwa majina ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, na ilitangazwa mwaka 1976. Uzuri wake ni kwamba mahali sauti inapokatwa, zile spika mbili zinapokezana bila kuacha shimo wala nundu. Sisi tulikata hezi 2,500. Ukishuka mpaka nusu yake, yaani hezi 1,250, nguvu inayofika kwenye twita imeshapungua zaidi ya mara 200. Twita inapumua.

Tulihitaji bodi ya krosova ya njia mbili, ambayo kaka aliiagiza Kariakoo, na amplifaya mbili za stereo zinazofanana. Amplifaya zilitoka kwenye hela yangu ya usiku. Mume wangu akisoma hapa, ndiyo, zile ndizo.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza kuunganisha nilikuwa nimetoka zamu asubuhi, sijalala, nikapanda na daladala moja kwa moja mpaka Kibosho kwa kiherehere. Kaka akasema ngoja nikamalizie kufunga boksi la kushoto, wewe usishike kitu. Nikashika. Nikachomeka waya wa chini kwenye amplifaya ya twita. Wimbo ukaanza, besi ya kwanza ikagonga, twita ya kulia ikatoa sauti kama mtu anayeziba chafya, halafu harufu ya waya ulioungua. Sekunde tatu haikufika. Kwenye spika ya kawaida yenye krosova ndani kosa hilo huwezi kulifanya, twita imekingwa humo humo. Kwenye aktivu hakuna kinga isipokuwa akili yako, na yangu ilikuwa imelala.

Mimi ninayewafokea wanafunzi wa uuguzi kila siku kwamba mrija usio na jina haujulikani unakwenda wapi! Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli. Wiki iliyofuata nilikuja na twita mpya na plasta nyeupe, ile ile ya kushikia kanula, nikaandika kila waya pande zote mbili: JUU KULIA, CHINI KULIA, JUU KUSHOTO, CHINI KUSHOTO. Kila twita fundi akaiwekea kapasita moja ya maikrofaradi 47 kama mlinzi, maana umeme wa huku unakatika na kurudi kwa kishindo. Na tukaweka sheria: kuwasha, krosova kwanza, amplifaya mwisho, kuzima, amplifaya kwanza.

Tukawasha. Jamani. Sijui niseme nini. Gitaa la Mbaraka lilitoka pale ukutani kama mtu anapiga amekaa kwenye kigoda. Kaka aliacha mdomo wazi. Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakusema neno.

Baba alisikiliza wimbo mzima amefumba macho. Ukaisha. Akasema, "Mmejitahidi. Lakini blanketi bado lipo."

Kaka alitoka nje. Nilimsikia anapiga teke ndoo.

Aktivu ina jambo moja ambalo sikuwa nimelipa uzito. Zile spika za zamani ukitaka kuongeza sauti ya twita inabidi ufungue boksi, ubadilishe rezista, upige solda upya. Hapa kuna nobu tu, kidude cha kuzungusha, moja ya juu na moja ya chini. Nikamwambia baba, njoo uzungushe mwenyewe, blanketi likitoka uache hapo hapo. Akazungusha. Akaongeza. Akaongeza tena. Matoazi yakaanza kukata kama wembe, mama akaziba masikio na mwiko wake, mbwa akahamia mgombani. Mimi meno yananiuma. Baba ndiyo kwanza anatabasamu.

"Hapo sasa," akasema. "Sasa naisikia kama ya 1985."

Nilitazama ile nobu ilipoishia na moyo ukanishuka. Miaka mingi nazipima presha za watu, na baba yangu mwenyewe alikuwa amenisomea kipimo chake pale, kwa mkono wake, mbele ya familia nzima. Hakukuwa na blanketi kwenye spika.

Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama nyumba ya konokono. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi kinavyofanya kazi: sauti za juu zinashikwa mwanzoni kabisa, karibu na mlango, na za chini zinasafiri mpaka ndani kwenye ncha. Ni krosova, ila si ya njia mbili, ni ya njia maelfu. Na vile vinyweleo vya mlangoni ndivyo hufa kwanza, kwa uzee, kwa makelele, kwa baadhi ya dawa. Vikifa havioti tena.

Baba aliugua kifua kikuu mwaka 1981. Alichomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, anapenda sana kusimulia jinsi makalio yalivyokuwa mawe. Streptomaisini husumbua zaidi mizani ya mwili, mtu anapepesuka, lakini usikivu nao inaweza kuugusa. Je, ni hizo? Siwezi kusema. Miaka 71 peke yake inatosha. Na hata kama ni hizo, bila sindano zile mimi nisingezaliwa, kwa hiyo sina kesi na mtu.

Besi anaisikia vizuri. Anasikia gari likipanda kilima kabla yetu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Irabu zina sauti ya chini, anazipata zote. Kinachompotea ni s, sh, f, ch. Kwa hiyo hasikii kimya. Anasikia maneno yaliyofutwa pembeni, anajazia mwenyewe. Mwaka jana mama alimuuliza shoka liko wapi, akajibu, "Soka ni saa nne usiku." Tulicheka wiki nzima.

Mama hakucheka. Nilikuja kuelewa jioni ile ile.

Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Nikamweleza polepole, nikitumia zile spika kama mfano. Nikamwambia, mama, sauti yako ni nyororo na iko juu, na ukiwa umempa mgongo, baba anapata nusu tu ya unachosema. Aliendelea kumenya. Ndizi tatu, nne. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilijua amenichoka."

"Tangu lini mama?"

"Tangu wewe ulipoolewa."

Hiyo ni miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja anaongea na mtu asiyejibu, akanyamaza, akazoea kunyamaza, na sisi tukija Krismasi tunashangaa kwa nini siku hizi mama ni mkimya. Na upande wa pili mzee anadhani mke wake ameacha kumsemesha. Sikuweza kuendelea na ndizi.

Kumwambia baba ilikuwa vita. "Mimi si kiziwi! Kiziwi hasikii muziki!" Nikamwambia shikamoo tena, nikaanza upya. Nilimwekea tuni kwenye simu, sauti nyembamba ya hezi 4,000, mimi na kaka tunaisikia, mjukuu wa miaka sita anasema inamkera, yeye anatutazama tu. (Hicho si kipimo, wapendwa, msianze kupimana na simu huko. Kipimo ni chumba kisichopitisha kelele, na mtu aliyesomea.) Alikaa kimya muda mrefu. Kisha mwalimu wa hisabati akaamka ndani yake, akauliza, "Kwa hiyo nikipata twita nyingine, lakini ya sikioni?"

Ndiyo baba. Ndicho hicho hasa. Kifaa cha usikivu cha kisasa kinagawa sauti vipande vipande na kuongeza vile tu unavyovikosa, za chini kinaziacha zilivyo. Krosova aktivu inayoingia kwenye tundu la sikio. Nilimwambia pia hakitamrudishia 1985, maana nisingependa aje kunidai.

Amekubali kwenda kupimwa Alhamisi hii, kwa masharti mawili: nimpeleke mimi, na mjini tusimwambie mtu yeyote. (Samahani baba, hawa si watu wa mjini.) Bei za hivyo vifaa tumeshaanza kuziulizia na zinatisha. Kaka amesema tutauza hata zile amplifaya ikibidi, mimi nikamwambia amplifaya haziuzwi, tutatafuta.

Kabla sijashuka jioni ile nilichukua plasta nikabandika alama mbili pembeni ya nobu ya twita. Moja nimeandika BABA, moja nimeandika WATU. Ya BABA nimeishusha kidogo kuliko alipotaka yeye, maana masikio yaliyobaki nayo yanaharibika. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, usizidishe hapo, na mzee akiwasha asubuhi hazimi mpaka taarifa ya habari.

Leo mchana kaka amenipigia. Anasema ameikuta nobu ipo kwenye WATU, spika zinaimba taratibu, na baba amehamisha kiti chake kutoka pale katikati ya sebule alipokaa tangu nikiwa mtoto. Amekiweka mlango wa jikoni, kinaelekea ndani.

Sehemu ya 6 ni baada ya Alhamisi. Usiku mwema.