Mkebe wa Biskuti wa Mama

Mei 2022 nilikuwa nimeketi barazani kwa mama, Likoni, nikitazama kwenye simu akiba yangu inavyoyeyuka. Wiki hiyo sarafu ya kidijitali ya Luna iliporomoka kutoka dola 80 hivi hadi chini ya senti moja. Luna sikuwa nayo. Nilikuwa na tokeni nyingine, ndogo, lakini soko zima lilivutwa na mkondo uleule. Kiinua mgongo changu cha hotelini, shilingi 210,000, kilibaki 9,000 na kitu. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza, na karo nimelipa nusu.

Pesa ziliniuma. Kilichonichoma zaidi ni aibu, maana nilikuwa nikijitapa kwa wenzangu kwenye feri: "Kampuni ile nami nina changu." Kampuni iliyotoa tokeni zangu ilikuwa ya kweli, ina ofisi na wahandisi. Nilipoandika kuuliza nidai nini, nikajibiwa kwa adabu nisome waraka wa mradi. Huko mwishoni, kwa herufi za sisimizi: tokeni haimpi mwenye nayo umiliki, wala faida, wala dai juu ya mali kampuni ikifungwa. Hisa zilikuwepo. Walizishika waasisi na matajiri waliowapa mtaji. Mimi nilinunua vocha ya duka nikadhani nimenunua duka.

Na si wadogo tu. Ripple ni kampuni yenye wanahisa wake, na mwenye XRP, tokeni inayohusishwa nayo, si mmoja wao. Uniswap, mtambo wa kubadilishana tokeni, ulipotoa tokeni yake Septemba 2020, kila aliyekuwa ameutumia kabla ya mwezi huo aligawiwa angalau 400. Zina kura, kweli, lakini ni kura za kuongoza mtambo; kampuni iliyoujenga ina wenyewe.

Nilimaliza mwaka na nusu nikiendesha tuktuk ya mtu, hesabu kila jioni, karo nikilipa kidogokidogo.

Agosti ya mwaka uleule wa 2022, mama alinitolea mkebe wake wa biskuti. Ndani mna karatasi zinazohusu hisa za Safaricom alizonunua 2008, kwa shilingi 5 kila moja. Ziliwahi kushuka chini ya 3, majirani wakamcheka, naye hakuuza. Jina lake limo kwenye daftari la wanahisa. Mkutano mkuu wa mwaka huarifiwa, na kura anayo. Mgao wa mwezi ule ulikuwa senti 75 kwa hisa. Kwa hisa zake 2,000, kodi ikishatolewa, ni shilingi 1,425, zikaingia kwenye simu yake. Tulinunua unga, mafuta na sabuni, zikaisha. Sisemi hisa haziumizi: kampuni ikifilisika, mwanahisa hulipwa wa mwisho, baada ya wadai wote, na mara nyingi hapati kitu. Ila kwenye foleni ile yumo, na sheria inamjua.

Nilimweleza mama haya yote kwa kirefu. Alinisikiliza, akafunika mkebe.

"Na hiyo yako, mwanangu, mkutano wao huwa lini?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Mei. Tokeni bado ninazo. Siku hizi ada ya kuziuza inazidi bei yake.