Sarafu ya Shosho

Shosho alinipa sarafu ya shilingi 40, ile yenye sura ya Rais Kibaki, iliyotolewa 2003 nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Tangu 2018 sarafu mpya zina wanyama, kwani Katiba ya 2010 inakataza sura za watu. Basi nikasikia za zamani ni mali. Nikaipeleka tauni. Mnunuzi wa sarafu kuukuu akaigeuza mara moja tu.

"Imechakaa, kijana. Na wengi wameziweka. Ingekuwa haijatumika, tungeongea."

Sikuwa na nauli ya kurudi Satellite. Nikampa makanga, akacheka, akaipokea kwa 40 kamili.

Juzi shosho akaniuliza, "Ile yangu bado unayo?"

Nikajifanya ninasoma.